Biashara ya familia ugenini na kurudisha kwa jamii: mwongozo kamili kwa tuliohamia Marekani

Kila wiki kuna mtu anasimama kwenye kaunta yangu, analipia unga na mawese, kisha anainama kidogo na kuuliza: "Dada, na sisi tunataka kufungua kitu. Tuanzie wapi?" Duka letu liko Louisville, jimbo la Kentucky. Mimi na mume wangu tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na wazazi wetu ni Wabembe wa Fizi, Kongo. Tunauza unga wa mahindi na wa muhogo, sombe (kisamvu), ndagala (dagaa), maharage, vitenge. Watu wakiwa wengi nyuma ya foleni, jibu langu huwa fupi mno. Leo nalitoa lote.

Jambo moja nalitanguliza kwa sababu hatua zote zinalitegemea. Wengi hudhani kwanza unajenga biashara, unanenepa, ndipo unakumbuka jamii. Haiendi hivyo kwetu. Jamii inafika mlangoni wiki ya kwanza: msiba, nauli, mtoto wa chuo, mgeni aliyeshuka jana kutoka uwanja wa ndege bila koti. Nimeona maduka yenye wateja tele yakifungwa kwa sababu mfuko wa nyumba, mfuko wa duka na mfuko wa jamii ulikuwa mmoja. Kwa hiyo msaada kwa jamii upangieni fungu lake siku ileile mnayopanga kodi ya pango na umeme.

Hatua ya 1: Mkae kama familia kabla ya kutafuta fremu ya duka

Kaeni mezani, simu zizimwe, mwenye mwandiko mzuri ashike kalamu. Andikeni nani ni mmiliki na kwa asilimia ngapi, nani atafanya kazi na kwa saa ngapi, nani atalipwa na lini. Haya ni mambo matatu tofauti na sisi tunapenda kuyasonga pamoja kama ugali. Mtu anaweza kumiliki bila kufanya kazi, na anaweza kufanya kazi bila kumiliki.

Ugumu uko kwa ndugu wanaochangia mtaji. Sisi tulipoanza, shemeji alitupa dola 3,000. Tulishukuru, tukala pamoja, hatukuandika kitu. Mimi nilihesabu ni mkopo. Mume wangu alihesabu ni zawadi ya kaka kwa mdogo wake. Shemeji mwenyewe alihesabu amekuwa mshirika. Hakuna aliyesema uongo kati yetu watatu, na bado ilituchukua karibu miaka miwili na vikao vya wazee kurudisha salamu za kawaida. Karatasi moja yenye sentensi nne ingetosha: kiasi, tarehe, ni mkopo au hisa au zawadi, na ikiwa ni mkopo utarudi lini. Kila mmoja atie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Ndugu akisema "kati yetu tuandikiane ya nini?", mjibuni kwa upole kwamba mnaandika ili undugu usiguswe.

Watoto nao wazungumzwe. Sheria ya kazi ya Marekani inawaruhusu wazazi kuajiri watoto wao katika biashara ambayo ni mali yao kabisa, isipokuwa kazi za hatari, viwanda na migodi, ila angalieni pia sheria za jimbo lenu. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa akipanga rafu na kubandika bei. Tulimlipa na tukaandika. Mtoto anayefanya kazi bure kila Jumamosi huku wenzake wakicheza hujifunza kulichukia duka, na kesho huyo ndiye mnayetaka alirithi.

Hatua ya 2: Sajili, na usiikimbie kodi

Familia nyingi hapa huchagua LLC, kampuni ambayo deni lake, kwa kawaida, haligusi nyumba na gari lenu. Hapa Kentucky kuisajili ni dola 40, na ripoti ya kila mwaka ni dola 15, mwisho tarehe 30 Juni. Majimbo mengine hutoza zaidi. Kuna tovuti zinazodai mamia ya dola kwa kazi hiyohiyo. Nendeni moja kwa moja kwenye ofisi ya Katibu wa Jimbo. Kisha ombeni EIN, namba ya kodi ya biashara, kutoka IRS, idara ya kodi ya serikali kuu. Ni bure. Atakayewatoza anawatoza ujinga.

Pamoja na karatasi za usajili, andikeni mkataba wa wamiliki. Unasema nani ana asilimia ngapi, uamuzi unafanywaje, na mmoja akifariki au ndoa ikivunjika hisa zake ziende wapi. Ni maneno mazito, lakini hapa ugenini hakuna baraza la ukoo litakaloyatatua. Mahakama itasoma kilichoandikwa.

Kuhusu kodi: ukiwa umeajiriwa, mwajiri anakukata kabla mshahara haujakufikia. Ukiwa na duka lako hakuna anayekukata, na hapo ndipo watu huanguka. Juu ya kodi ya mapato kuna kodi ya waliojiajiri, asilimia 15.3, inayokwenda kwenye Social Security (mafao ya uzeeni) na Medicare (bima ya afya ya wazee), na hulipwa kwa makadirio mara nne kwa mwaka: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari. Fungueni akaunti ya akiba yenye jina "Kodi" na kila Jumamosi pelekeni humo sehemu ya faida. Hata mkiwa na njaa msiiguse.

Kodi ya mauzo hutofautiana kwa jimbo. Kentucky ni asilimia 6, lakini chakula kibichi cha kupika nyumbani hakitozwi. Kitenge kinatozwa, soda inatozwa, na chakula kilichopikwa tayari kinatozwa. Rejista ipangwe hivyo tangu mwanzo, maana kodi mliyosahau kuitoza mtailipa wenyewe.

Hatua ya 3: Mtaji

Sisi watu wa upatu tuna mtaji ambao benki haiuoni. Likelemba, kibati, mchezo, chama. Majina mengi, kazi moja. Watu 12 wakitoa dola 500 kila mwezi, zamu yako inakupa dola 6,000 bila riba, na kwa Muislamu hilo lina uzito wake. Endeleeni nao, ila fanyeni mambo mawili.

Kwanza, daftari la upatu liwe na tarehe, majina na sahihi, ili mkiulizwa fedha zimetoka wapi muwe na jibu. Pili, na hili nalirudia dukani kila mara: benki ikipokea fedha taslimu zaidi ya dola 10,000 kwa siku inatuma taarifa serikalini. Taarifa hiyo haina ubaya wowote. Ubaya ni kuzigawa fedha makusudi, leo 6,000 na kesho 5,000, ili taarifa isitumwe. Kugawa huko ni kosa la jinai hata kama kila senti ni halali. Mpeleke zote, mjaze karatasi, mrudi nyumbani mlale.

Upatu haujengi historia ya mkopo, ile ambayo benki huitazama kabla ya kukukopesha, kwa hiyo mmoja wenu awe na kadi ndogo ya mkopo ya benki anayoilipa yote kila mwezi. Kwa mkopo wa kwanza, tazameni Kiva, shirika la mikopo la mtandaoni, ambalo huwakopesha wafanyabiashara wadogo wa Marekani hadi dola 15,000 bila riba. Masharti yake ni kwamba watu wako wa karibu waanze kukuchangia ndipo wageni waje. Shirika lililowapokea mlipofika nalo liulizwe: ofisi ya serikali kuu inayoshughulikia wakimbizi imekuwa ikitoa fedha kwa baadhi ya mashirika ili yakopeshe biashara ndogo za wakimbizi na kuwafundisha. Na SCORE, iliyoanza 1964, hutoa washauri wa bure, wengi wao wafanyabiashara wastaafu. Wetu alikuwa mzee mpole aliyetufundisha kusoma mkataba wa pango mstari kwa mstari. Alitukataza kusaini miaka mitano bila kipengele cha kutoka mapema, na baadaye tulikihitaji.

Hatua ya 4: Bidhaa, kadi ya EBT na daftari la mkopo

Msinunue ndagala wa kwenye sanduku la msafiri, hata kama ni watamu kuliko wote na wametoka Kigoma kwa shangazi. Chakula cha kuuza kinachoingia nchini lazima FDA, mamlaka ya chakula na dawa, ipewe taarifa kabla hakijafika, na mwagizaji anawajibika kwa usalama wake. Nunueni kwa muuzaji wa jumla anayewapa ankara. Nyama ya kukausha kutoka nyumbani msiiguse kabisa, ya porini ndiyo zaidi. Mzani mnaouzia ukaguliwe. Huku kwetu kazi hiyo ni ya Idara ya Kilimo ya jimbo.

Wateja wetu wengi, hasa wapya, hutumia SNAP, msaada wa serikali wa chakula unaolipiwa kwa kadi ya EBT. Duka huomba kibali kwa Wizara ya Kilimo ya Marekani, na kibali ni bure. Lazima rafu zenu ziwe na aina za kutosha katika makundi manne: nyama na samaki, mboga na matunda, vyakula vya nafaka, na vya maziwa. Someni idadi inayotakiwa mwaka huo kabla ya kuomba. Wenzetu wengi hukataliwa kwa sababu wana unga wa kila aina na hawana maziwa.

Sasa daftari la mkopo. Nyumbani, duka bila daftari si duka. Mama anachukua unga leo, analipa mwisho wa mwezi. Hapa mazoea hayo yanaweza kulifunga duka. SNAP hairuhusu kadi ya EBT kulipia deni la nyuma. Mama akichukua unga tarehe 25 na kuja tarehe 5 kulipia kwa EBT, mmevunja sheria, na duka laweza kuondolewa kwenye mpango kwa mwaka mzima. Kubaya kuliko hapo ni kumpa mtu fedha taslimu kwa kutelezesha kadi yake, dola 100 za kadi kwa 70 mkononi. Huo ni wizi wa chakula cha watoto, na adhabu yake kwa kawaida ni kuondolewa daima. Atakuja mtu analia, ana bili ya umeme. Msimpe taslimu kwa kadi. Mpelekeni kwenye mfuko wa jamii nitakaoueleza.

Kukopesha bidhaa zitakazolipiwa kwa fedha taslimu kunaruhusiwa, lakini tazameni hesabu yake. Mfuko wa unga mnaununua dola 14 na kuuza 18. Faida ghafi ni 4. Mfuko mmoja usipolipwa mmepoteza 14, na itabidi muuze mifuko mitatu na nusu ili mrudi mlipokuwa, kabla ya pango na umeme. Mwaka wetu wa pili nilijumlisha daftari usiku mmoja, nikakuta zaidi ya dola 4,000 zimelala humo. Wengi wa wadeni walikuwa wameacha kuja kwa aibu. Nilipoteza fedha na wateja kwa pamoja. Siku hizi daftari letu lina kikomo cha dola 40 kwa kaya, na hakuna deni jipya juu ya la zamani.

Hatua ya 5: Cheti cha biashara ya walio wachache

Marekani ina utaratibu wa kutambua biashara zinazomilikiwa na watu wa jamii za wachache, ambao kwa miaka mingi walifungiwa mikopo na zabuni. Ofisi ya serikali kuu ya kusaidia biashara hizo iliundwa 1969. Upande wa makampuni makubwa kuna National Minority Supplier Development Council, tangu 1972, inayotoa cheti kwa biashara ambayo angalau asilimia 51 ni mali ya mtu wa jamii hizo, na yeye mwenyewe ndiye anayeiendesha. Anatakiwa awe raia.

Nasema wazi: duka la rejareja kama letu halikihitaji sana. Mama anayenunua sombe haulizi cheti. Kinawafaa mnaouza kwa taasisi: usafi wa majengo, ukalimani, usafirishaji, mapishi ya sherehe za makampuni. Mkiwa huko, anzeni kukusanya nyaraka mapema, na mpangilie suala la uraia. Mkimbizi huomba kadi ya ukaazi baada ya mwaka mmoja, na uraia baada ya miaka mitano tangu alipoingia nchini. Kama ni mume tu aliyekwisha kuapa, asilimia 51 zikiandikwa kwa mke hamtafika mbali.

Mpango wa 8(a) wa SBA, ofisi ya serikali kuu ya biashara ndogo, kwa zabuni za serikali kuu, hudumu miaka tisa na una kikomo cha mali binafsi cha dola 850,000. Tangu hukumu ya mahakama ya Tennessee mwaka 2023, rangi peke yake haitoshi tena. Mwombaji huandika maelezo ya vikwazo alivyopitia yeye mwenyewe. Kanuni za eneo hili zinabadilika haraka, kwa hiyo someni za mwaka mnaoomba. Na asiwepo mtu wa kuwaazima jina. Atakuja tajiri atakayetaka muwe wamiliki wa karatasini naye aendeshe. Huo ni udanganyifu wa jinai, na mwenye jina naye anaweza kufungwa.

Hatua ya 6: Mfuko wa jamii

Tunasema kutoa ni moyo, si utajiri. Ni kweli, na nimelelewa kwa kutoa kwa watu wasiokuwa na kitu. Lakini moyo hauna kikomo, na droo ya rejista inacho. Hivi ndivyo tulivyofanya baada ya usiku ule wa daftari.

Kila Jumamosi jioni tunatenga asilimia 1 ya mauzo, iende kwenye akaunti yake. Ya mauzo, kwa sababu mauzo unayajua jioni ileile, na faida mpaka ukae na mhasibu. Wiki ya dola 5,000 inatoa dola 50. Inaonekana ndogo. Kwa mwaka ni dola 2,600, na haijawahi kutunyima unga wa kujaza rafu.

Mfuko huo hauamuliwi na mimi. Kuna watu watatu: mume wangu, mama mmoja wa kanisani ambaye si ndugu yetu, na kijana wa Kirundi anayefanya kazi hospitalini. Hilo la asiye ndugu na la mtu wa kabila jingine ndilo lililotuletea amani, maana watu walikuwa wakisema duka la Wabembe linasaidia Wabembe. Pia mimi nimepata jibu la kweli pale kwenye kaunta: "Andika jina hapa, kamati inakaa Jumanne." Sisemi tena ndiyo kwa kuona haya, wala hapana kwa kuchoka.

Hatutoi taslimu. Tunalipa penye deni: kampuni ya umeme, nyumba ya mazishi, duka la vitabu la chuo. Kila mwezi tunabandika ukutani jumla iliyoingia na iliyotoka, bila majina ya waliosaidiwa. Watu walipoiona, wengine walianza kuacha chenji zao, kwa hiyo tukaweka kopo lenye kufuli na kulihesabu mbele ya mashahidi wawili.

Kwa upande wa kodi, msichanganye. Mchango wa msiba au ada mliyompa mtu binafsi haupunguzi kodi, hata uwe mkubwa vipi. Mchango kwa shirika la hisani lililosajiliwa waweza kupunguza. Kwa LLC ya kawaida hesabu yake huenda kwenye kodi yenu binafsi. Jezi za timu ya watoto zenye jina la duka kwa kawaida huhesabiwa kama tangazo. Watu watawashauri mfungue shirika lenu la 501(c)(3), yaani la hisani lisilotozwa kodi. Fomu fupi ya kuomba ada yake ni dola 275 na nyaraka zake si chache. Subirini. Fanyeni kazi na kanisa, msikiti au shirika lililopo kwa miaka miwili, ndipo muamue.

Chakula kinachokaribia tarehe, kipelekeni kwenye ghala la chakula la mtaani kabla hakijaharibika. Sheria ya mwaka 1996 yenye jina la Bill Emerson inamlinda anayetoa chakula kwa nia njema asishtakiwe. Sisi tuliogopa bure kwa miaka mitatu na kutupa maharage mazima.

Msaada mwingine hauna bei. Ajirini mgeni kazi yake ya kwanza. Fomu ya I-9, ya kuthibitisha kwamba mtu anaruhusiwa kufanya kazi, lazima ikamilike ndani ya siku tatu za kazi, na mkimbizi mpya anaweza kutumia I-94 yake, karatasi ya kuingia nchini, kwa siku 90 za mwanzo. Msimlazimishe alete karatasi fulani, achague mwenyewe katika orodha. Msomeeni bibi barua ya shule ya mjukuu. Ila fomu za uhamiaji msijaze wala kushauri; kufanya hivyo bila idhini ni kosa, na kosa dogo kwenye fomu hizo linaweza kumrudisha mtu alikokimbia. Andikeni ukutani namba za mashirika yenye wawakilishi waliothibitishwa na Wizara ya Sheria, na mwelekezeni huko.

Jamii pia si Waswahili peke yao. Duka letu liko kwenye mtaa wa Wamarekani weusi, na kwa mwaka mzima hatukujuana. Daraja lilikuwa neno moja. Mzee jirani aliingia mwishoni mwa Desemba akiuliza kama natamka sawasawa "ujamaa". Kumbe ndiyo nguzo ya nne ya Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, na siku yake ni 29 Desemba: kujenga maduka yetu na kufaidika nayo pamoja. Nilisikia fahari kubwa, neno letu limekaa kwenye nyumba zao miaka yote hiyo. Yeye ndiye aliyenisimulia habari za Madam C. J. Walker, aliyezaliwa 1867 na wazazi waliokuwa watumwa, akauza mafuta ya nywele, na mwaka 1910 akahamia Indianapolis, mwendo wa saa mbili hivi kutoka hapa. Mwaka 1917 aliwakusanya mawakala wake Philadelphia, akawazawadia waliouza sana na pia waliotoa sana kwa hisani. Tangu hapo, 29 Desemba tunapika sombe na ugali kwa mtaa mzima.

Hatua ya 7: Kurithisha

Hili bado tunalifanya, kwa hiyo nasema machache. Kila Januari, duka likiwa limefungwa siku moja, tunawaonyesha watoto vitabu: mauzo, kodi, deni, mfuko wa jamii. Kila mtoto anapewa ukurasa mmoja aueleze kwa wengine. Mwaka huu mtoto wa katikati alishika ukurasa wa mfuko wa jamii, akauliza kwa nini tulilipa bili mbili za umeme za nyumba moja. Hatukuwa na jibu zuri. Jumanne iliyofuata kamati iliandika sharti jipya: kaya moja, mara moja kwa miezi sita.